Mshipa Upi Huo? Kabla Hujampeleka Mgonjwa kwa Mchuaji

Mwulize mtu yeyote wa Pwani anayechechemea ana nini, atakujibu kwa neno moja: mshipa. Hamali aliyeinua gunia akashindwa kunyooka, mshipa umemshika. Mama aliyekaa juu ya mbuzi akikuna nazi za harusi tangu asubuhi, akiinuka ni mshipa wa kiuno. Kijana aliyepinda mguu kiwanjani, mshipa umeruka. Mzee mwenye uvimbe wa kinena naye ana mshipa, japo huo husemwa kwa sauti ya chini. Na dawa ya wote hao, kabla hakujafikiriwa jambo jengine, ni ile ile: apelekwe akachuliwe.

Sina ugomvi na kuchua. Ugomvi wangu ni na hilo neno. Kwa Kiswahili chetu mshipa ni mshipa wa damu, ni mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo, ni kano inayofunga mfupa kwa mfupa au msuli kwa mfupa, na ni ngiri pia. Vitu vinne mbali mbali vimepewa jina moja. Kuna kinachopata nafuu kwa mkono, kuna kisichojali ukikichua ama ukikiacha, na kuna ambacho ukikichua waweza kumzika mtu kabla ya magharibi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mchuaji gani ni hodari, ndugu msomaji, uliza kwanza: mshipa upi?

Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya maendeleo ya jamii, na kazi imenizungusha mitaani miaka mingi pamoja na wahudumu wa afya wa vijijini. Lakini nimelelewa na shangazi aliyekuwa mchuaji, nimekaa mlangoni pake nikimshikia kibakuli cha mafuta ya nazi yaliyochanganywa na karafuu, na mgongo wangu mwenyewe umepita mikononi mwake mara nyingi. Ninayoyaandika hapa nimeyachuma kwake, kwa wataalamu wa fiziotherapia niliokaa nao, na kwa kusoma.

Tuanze pale mkono unapofaa, maana ni pengi. Mgongo au shingo ikiumia, misuli ya jirani hujikaza kuilinda, na kule kujikaza kwenyewe huleta maumivu mapya juu ya yale ya mwanzo. Mkono wenye joto na mafuta huiambia misuli ile ilegee. Mwaka 1965 Ronald Melzack wa Canada na Patrick Wall wa Uingereza waliandika kwamba katika uti wa mgongo mna kitu mfano wa lango: habari za kuguswa na kubonyezwa zikiingia kwa wingi, habari za maumivu hupita kwa shida. Wataalamu wamerekebisha mengi katika maelezo yao tangu hapo, lakini kiini chake kimebaki. Mtoto akijigonga ukutani haendi kusoma kitabu, hujisugua papo hapo, na hupoa.

Ambayo mkono haufanyi ni haya. Hautoi sumu mwilini. Ile asidi tunayoambiwa imeganda kwenye misuli baada ya kazi ngumu huondoka yenyewe, kama saa moja tu baada ya kupumzika, uchuliwe usichuliwe. Wala haurudishi mfupa wa mgongo uliotoka mahali pake. Ule mlio wa "ko!" ni povu la hewa ndani ya majimaji ya kiungo, sawa na ukivunja vidole vya mkono. Mtu husikia nafuu baada yake, sikatai, ila hakuna mfupa uliokuwa nje ukaingia ndani.

Nicheke kidogo hapa. Kule hoteli za Diani na Watamu mgeni huuziwa kitu kinachoitwa masaji ya Kiswidi: kupapasa, kukanda, kusugua, kupigapiga na kutikisa. Msuedi anayesifiwa kwayo, Per Henrik Ling, alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Aliyeipanga mikono hiyo mitano na kuipa sifa ya kidaktari ni Mholanzi, Johan Georg Mezger, katika karne ya 19. Na miaka mia nane kabla yao Ibn Sina, aliyefariki 1037, alikuwa keshaandika katika Qanun kwamba kuchua ni kwa namna kadhaa: kuna kwa nguvu kunakoukaza mwili, kuna kwepesi kunakoulegeza, kuna kwa muda mrefu kunakoupunguza. Shangazi hakumsoma yeyote katika hao. Yeye alisema tu, "Huyu ataka mkono mzito, yule ataka mkono mwepesi," na bei yake ilikuwa sabuni ya kufulia au chochote ulichojaaliwa.

Sasa mgongo, kwa sababu ndio wateja wengi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 619 waliokuwa na maumivu ya kiuno duniani mwaka 2020. Disemba 2023 likatoa mwongozo wa maumivu yaliyozidi miezi mitatu, na ndani yake kuchua kumo katika tiba zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na kumweleza mgonjwa hali yake. Mikanda ya kiuno ile inayouzwa maduka ya dawa, na kuvutwa mgongo kwa mashine, vimo katika orodha ya visivyopendekezwa. Kwa maumivu mapya, madaktari wa Marekani mwaka 2017 walishauriana kuanza na joto, kuchuliwa na mfano wake kabla ya kukimbilia vidonge. Kwa hiyo bibi aliyekukanda kwa kitambaa cha maji moto hakuwa akikudanganya.

Lakini nafuu ya mkono ni ya saa au siku chache. Ndilo jambo ambalo wachuaji wengi hawalisemi, na wateja hawataki kulisikia. Ukishalegea, ndio wakati wa kutembea, kuinama pole pole, kurudi kwenye shughuli kidogo kidogo. Anayechuliwa Alhamisi halafu akalala kwenye mkeka hadi Alhamisi nyengine atachuliwa maisha yake yote. Na ukiwa unakuna nazi kwenye mbuzi kwa saa tatu bila kuinuka, tatizo la kiuno limo katika zile saa tatu.

Pia kuna migongo isiyoguswa kabisa. Mkwezi au mgema aliyeanguka mnazini akalalamika mgongo, msimwinue mabegani wala msimchue. Aachwe alivyo, asogezwe kwa ubao, mwili wote kwa pamoja kama gogo, apelekwe hospitali. Mtu mwenye maumivu ya kiuno aliyeanza kufa ganzi sehemu zile anazokalia, au mkojo umezuia, au unatoka bila yeye kujua, au miguu yote miwili imeregea, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Mishipa ya fahamu chini ya uti wa mgongo imebanwa, na kila saa inayopita yahesabika. Na mwenye mgongo unaouma wiki baada ya wiki, usiku hulowa jasho, nguo zinampwaya, apimwe kifua kikuu. Ndiyo, kifua kikuu hukaa mgongoni pia, kikala mfupa. Nimewajua watu waliochuliwa miezi kwa ugonjwa ambao dawa zake zatolewa bure katika hospitali za serikali.

Mguu uliopinda nao una masharti yake. Wachezaji wetu wakiumia kifundo, jioni ile ile huchuliwa kwa nguvu na maji ya moto, mpaka kijana alie, na wenzake husema ndio inaingia. Hakuna kinachoingia. Kano za upande wa nje wa kifundo zimechanika, kidogo au sana, na ndani kunavuja. Ukisugua kwa nguvu na kuchemsha, waongeza kule kuvuja. Siku mbili tatu za mwanzo fungeni bendeji isiyobana sana, mguu uinuliwe juu ya mto, akanyage kwa kiasi anachoweza. Barafu ya dukani ikizungushiwa kitambaa kwa dakika 10 au 15 hupunguza maumivu. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeieneza barafu kwa wanamichezo mwaka 1978, baadaye mwenyewe alisema huenda ikachelewesha kupona. Kwa hivyo itumieni kwa maumivu, msiifanye sunna. Kuchua kwaja baadaye, uvimbe ukishatulia, na hapo mkono wa mchuaji wafaa sana kulegeza shavu la mguu lililokaza. Kisha ajizoeze kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki. Zoezi hilo la bure ndilo linalozuia kifundo kupinda tena mwezi ujao.

Utajuaje kama ni kano au ni mfupa? Madaktari wa Ottawa, Canada, walitunga kipimo mwaka 1992 ambacho chatumika ulimwenguni kote. Kwa mtu mzima, bonyeza mfupa kwa nyuma ya vile vifundo viwili, cha nje na cha ndani, kuanzia nchani kupanda juu sentimita 6. Bonyeza kile kinundu cha mfupa upande wa nje wa mguu, katikati ya wayo, na mfupa wa upande wa ndani ulio mbele ya kifundo. Halafu mwambie atembee hatua 4, hata kwa kuchechemea. Ikiwa mojawapo ya mifupa hiyo inauma inapobonyezwa, au hatua 4 zimemshinda tangu alipoumia hadi sasa, akapigwe picha. Ikiwa mifupa haiumi na hatua zaenda, kuvunjika ni nadra mno. Mchuaji yeyote aweza kujifunza hilo kwa dakika tano, na laiti kila timu ya mtaa ingekuwa na mmoja aliyejifunza.

Nimefika penye jambo lililonifanya nishike kalamu: mikono ya watoto.

Kuna aina mbili ambazo kwa macho ya mzazi zafanana. Ya kwanza ni mtoto wa mwaka mmoja hadi minne aliyevutwa mkono. Mama avuka mtaro, mtoto ajiangusha, mama amnyanyua kwa mkono mmoja. Mtoto alia kidogo, kisha auacha mkono ukining'inia, hataki kuutumia, wala haujavimba. Kiungo kidogo cha kisugudi kimeteleza kidogo kutoka kwenye kano yake. Hapa mkono wa mjuzi hufanya maajabu. Kuna namna ya kuuzungusha na kuukunja, unasikia kitu kikirudi, na baada ya dakika chache mtoto anyoosha mkono kupokea peremende. Daktari hufanya hivyo hivyo. Nimemwona bi mkubwa mmoja mtaani kwetu akifanya, nami nikamvulia kofia, kama wasemavyo wanaume.

Ya pili ni mtoto wa miaka mitano, sita, saba, aliyeanguka kutoka mwembeni au ukutani akaupokea mwili kwa mkono. Hapo mfupa wa juu ya kisugudi huvunjika. Uvimbe huja upesi. Mbele ya mfupa huo, karibu karibu, hupita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono wote wa chini, na mishipa ya fahamu pembeni yake. Ukisikia "mshipa" na ukadhani ni wa kuchuliwa, hapo ndipo pa kukumbuka swali langu la mwanzo.

Mtoto wa jirani yangu alianguka hivyo msimu wa maembe, mwaka nisioutaja kwa heshima ya wazazi wake. Walimpeleka kwa mtu wa kuunga mifupa, ambaye naye simtaji. Akamchua, akamnyoosha, akamfunga mabanzi kwa vitambaa, akakaza. Usiku kucha mtoto alilia. Wazazi waliporudi asubuhi wakaambiwa kilio ni mfupa unashikana. Siku ya pili vidole vikavimba vikawa baridi. Siku ya tatu mtoto akanyamaza, na watu wakashukuru kwamba amepata nafuu. Alinyamaza kwa sababu mishipa ya fahamu ilikuwa imekufa ganzi. Leo ni kijana mrefu, mwerevu, lakini vidole vya mkono ule vimejikunja ndani kama kucha za ndege, na kalamu aishika kwa mkono mwengine.

Hali hiyo yajulikana tangu 1881, ilipoelezwa na mpasuaji wa Kijerumani Richard von Volkmann, na mpaka leo yaitwa kwa jina lake. Yeye mwenyewe alilaumu bendeji zilizokazwa. Msuli umefungwa ndani ya ngozi ngumu ya kano. Ukivimba bila nafasi ya kutanuka, na nje umezungushiwa mabanzi, damu hushindwa kuingia. Baada ya saa kama sita hivi msuli huanza kufa, na msuli uliokufa haufufuki. Hugeuka kuwa kovu, na kovu hujivuta. Kuoza kwa mkono mzima mpaka ukatwe nako kwatokea. Madaktari wa Nigeria wameandika mengi juu ya watoto wao waliofikwa na hayo mikononi mwa waunga mifupa.

Nawe uliyefungwa, au mtoto wako amefungwa, iwe ni kwa mabanzi ya mwembe au kwa plasta nyeupe ya hospitali (maana hata plasta hukosea), tazama hivi. Bonyeza ukucha uwe mweupe, uachie: wekundu urudi kwa muda wa kusema "moja, mbili". Vidole viwe na joto. Vinyooshe pole pole: ikiwa kunyoosha tu kwaleta kilio kikali kuliko kuvunjika kwenyewe, au vidole vyafa ganzi, au dawa ya maumivu haifui dafu, kamba zikatwe saa hiyo, zote, mpaka kitambaa cha ndani, na safari ianze usiku ule ule. Msingojee adhana ya alfajiri. Hospitali kuu ya Makadara hapa Mombasa haifungwi usiku, wala za Kwale, Kilifi, Malindi na Lamu.

Tuje kwa mama aliyejifungua. Zile siku arubaini za kukandwa maji moto, kusingwa, kufungwa tumbo na kunyweshwa uji wa pilipili manga nazikumbuka kwa raha, na sidhani kuna dada wa mjini aliyeandaliwa hivyo akajuta. Matatu tu. Aliyezaa kwa upasuaji ngozi ya karibu na kovu huwa imekufa ganzi, hasikii joto sawasawa, kwa hiyo kitambaa cha moto huweza kumwunguza naye asijue. Kovu lisibonyezwe. Na katika wiki sita baada ya kuzaa damu huwa nyepesi kuganda. Mzazi akisema mguu mmoja wauma shavuni, umevimba kuliko mwenziwe, una joto, usimchue mguu huo hata kama yeye mwenyewe akuomba. Donge la damu lililo ndani laweza kung'oka likapanda mapafuni. Ni hivyo hivyo kwa aliyetoka upasuaji, aliyelala kitandani wiki nyingi, na hujaji wa umra aliyekaa ndani ya ndege na basi masaa na masaa. Ndiye yule niliyesema waweza kumzika kabla ya magharibi.

Mjamzito kuchuliwa mgongo na miguu kwa mkono mwepesi ni sawa, mradi mguu wenyewe hauna dalili hizo nilizozitaja. Kugeuzwa mtoto tumboni ni jambo jengine. Madaktari hulifanya, kwa kawaida kuanzia wiki ya 37, wakitazama kwa picha na kusikiliza moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kiko karibu, kwa sababu kondo la nyuma laweza kubanduka. Mkunga wa nyumbani hana chochote katika hivyo. Kabla ya wiki hizo, watoto wengi hujigeuza wenyewe, na sifa akachukua aliyechua.

Mtoto mchanga kupakwa mafuta na kuchuliwa pole pole ni jambo zuri, hata Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya 2022 limelikubali kwa mtoto mzima wa afya aliyezaliwa kwa miezi yake. Kumning'iniza kichwa chini kwa miguu ili "anyooke" ni la kuachwa, na sitalizungusha.

Ngiri je? Ule uvimbe wa kinena unaoingia ukilala na kutoka ukisimama haupoi kwa kuchuliwa, maana ni tundu, na tundu hushonwa. Ukitoka ukagoma kurudi, ukawa mgumu, unauma, na mzee anatapika, utumbo umenaswa. Kuusukuma kwa nguvu kwaweza kuupasua.

Vinyozi nao wamejiongezea cheo. Ukishanyolewa wakukanda kichwa, mabega, na hapo mtu astarehe, kisha bila kukuomba ruhusa wakushika kidevu na kuizungusha shingo ghafla. Ni nadra, lakini mshipa wa damu upandao kichwani kupitia mifupa ya shingo waweza kuchanika ndani kwa msukumo kama huo, na mtu akapooza. Mwambie kinyozi shingo yako ataiacha ilivyoumbwa. (Habari ya wasichana kuwakanda waume za watu ndani ya vinyozi nawaachia masheikh.) Hijama nayo ina wataalamu wake, mimi nauliza tu kama wembe ni mpya na vikombe havijatoka mgongoni mwa mtu mwengine, na kama mgonjwa anakunywa dawa za kupunguza kuganda kwa damu.

Watu wengine wakisoma haya watasema nawapigia debe wazungu. La. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 yenyewe yaitambua tiba ya asili, na wataalamu wa fiziotherapia wana sheria yao ya 2014 na baraza lao. Pande mbili hizi zingeweza kufanya kazi pamoja, na lawama ya kutofanya hivyo si ya mchuaji peke yake. Mtu hupanga foleni hospitali tangu saa moja, huonwa dakika tatu, hupewa vidonge, haelezwi ana nini. Mchuaji humkalisha, humwita mwanangu, humshika panapouma. Mimi pia ningemchagua huyo.

Lakini dini yetu imeshamwekea mpaka. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Shangazi alilijua hilo bila kulisoma. Kabla hajachovya vidole kwenye mafuta aliuliza mambo matatu: umeumia lini, umeumiaje, na waweza kusimama? Jibu lisipompendeza alifuta mikono, akamwambia mwenye mgonjwa, "Hili si langu, mpelekeni." Wateja walinung'unika, wengine wakaenda kwa mchuaji wa pili. Yeye hakubadilika.

Ukifika hospitali ukaambiwa hujavunjika, usirudi nyumbani na vidonge tu. Uliza idara ya fiziotherapia, kwa jina hilo hilo. Hospitali kubwa za kaunti huwa nazo, na mara nyingi ni jengo la nyuma ambalo watu hawalijui. Chukua picha yako ya eksirei na karatasi zote. Mwanamke aweza kuomba ashughulikiwe na mwanamke mwenziwe. Wapo, na si aibu kungojea zamu yake. Vaa dera pana na suruali ndani, kwa sababu utaambiwa uinue mguu.